Nyumba Moja, Daftari Moja

Nimekuwa kimya kwa muda, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama blogu hii imekufa. Haijafa. Nilikuwa na mteja aliyetaka tovuti yake ibadilishwe rangi mara saba, halafu nikaingiwa na shughuli za nyumbani. Leo nimekaa hapa Kitale, mvua inanyesha, stima kwa bahati ipo, na nina jambo ambalo limekuwa likinikereketa tangu Agosti ya 2024.

Jambo lenyewe ni hili. Kukodi nyumba ya kulala wageni mkiwa kundi la watu kumi au kumi na tano ni kazi ngumu huku kwetu, na sisi watu wa tarakilishi tumezoea kusema kwamba dawa ni programu mpya. Mimi nasema hapana. Programu tunazo tele. Tatizo ni kwamba nyumba moja ina madaftari matatu au manne, na hakuna linalojua kilichoandikwa katika jingine. Tukitaka kutibu ugonjwa, tuanzie hapo.

Nitaanza na kisa, kisha niingie kwenye ufundi. Wasiopenda mambo ya ufundi wasikimbie, nitatumia mfano wa matatu.

Usiku wa Bungoma

Mnaotoka huku mnajua kwamba Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti, tena katika miaka ya shufwa: 2022, 2024, na kuendelea hivyo. Mwaka wa namna hiyo Bungoma na Trans Nzoia hujaa watu. Wanatoka Nairobi, Mombasa, Mbale kule Uganda, na wengine ng'ambo kabisa. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa upande wa Chwele. Siku moja kabla, kijana alikuja kwetu Kitale kwa wajomba. Akachinjiwa ng'ombe, akavishwa nyama shingoni kama desturi inavyotaka, akarudi kwao na wenzake wakiimba.

Sisi tulipaswa kumfuata jioni ile ile. Tulikuwa watu 14: wakubwa 11 na watoto 3. Sasa hapa ndipo suala la nyumba linapoingia. Mama yetu alikuwa na miaka 71, na kwa mila zetu mama mkwe halali kwa mkwewe. Hilo halina mjadala. Tulihitaji mahali petu pa kulala kwa siku mbili, karibu kiasi cha kutuwezesha kuondoka saa kumi alfajiri, maana kijana hushuka mtoni kupakwa matope kungali giza, na kisu hakimsubiri mjomba aliyekwama njiani.

Kazi ya kutafuta nyumba nilipewa mimi. "Wewe ndiwe wa kompyuta," kaka yangu alisema, na hapo kikao kikafungwa. Nikakesha na tovuti mbili usiku, nikapata nyumba nzuri mjini Bungoma, upande wa Kanduyi. Vyumba vinne, vitanda sita, magodoro ya ziada, maji ya tangi, Sh9,000 kwa usiku. Tovuti niliyoiona sitaitaja, maana haina kosa katika kisa hiki. Nikampigia mwenye nyumba moja kwa moja. Alikuwa mama mwenye sauti ya upole, anaishi Nairobi.

"Mbona upitie kwenye tovuti?" akaniuliza. "Tukimalizana pembeni nitakufanyia elfu nane."

Nikafurahi. Siku mbili Sh16,000 badala ya Sh18,000. Nikatuma nusu, Sh8,000, kwa M-Pesa. Arafa ya uthibitisho ikaja, jina likalingana na lake, nikaandika katika kundi letu la WhatsApp: "Nyumba tayari." Nikapigiwa makofi ya emoji. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Tulifika saa tatu usiku. Mvua ilikuwa inanyesha. Taa za nyumba zinawaka, magari mawili yameegeshwa uani, na kupitia dirishani niliona watu wanakula chapati. Mtunza nyumba, mzee aliyevaa koti la mvua, akaja na tochi na daftari la shule. Akafungua ukurasa, akaushikilia chini ya tochi ili nione mwenyewe.

"Kijana wangu, hapa nimeandikiwa familia moja tu, na imeingia saa nane mchana."

Familia ile ilikuwa imeweka nafasi kupitia tovuti, na ilikuwa imelipa pesa zote. Nao walikuja kutahirisha. Nao walikuwa na nyanya wa kulaza. Nilipompata mwenye nyumba kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema pole, alisahau kufunga tarehe zile kwenye kalenda ya tovuti baada ya kuongea nami. Aliposahau, tovuti ikaendelea kuonyesha kwamba nyumba iko wazi, na wale watu wakaichukua kihalali.

Nilipiga simu sita kwa nyumba za wageni za mjini. Agosti ya mwaka wa shufwa, saa tatu usiku? Wengine hawakushika hata simu. Ile familia ilikuwa na utu: ikawachukua watoto wetu watatu, ikawatandikia mkeka sebuleni. Wakamkaribisha Mama pia, lakini Mama alikataa kulala kwenye sebule ya watu asiowajua. Akalala kwenye kiti cha matatu tuliyokodi, leso imefunika magoti, mguu wake mbaya ameunyoosha juu ya begi langu la kipakatalishi. Saa kumi tukaondoka kwenda Chwele. Alifika, akasimama na wenzake, kijana akawa jasiri, mambo yakaenda. Lakini wiki mbili zilizofuata hakuweza kutembea vizuri, na kila nikimtazama nilijua ni nani aliyeandika "Nyumba tayari."

Amana yetu ilirudishwa baada ya siku mbili, shilingi elfu nane kamili. Naeleza hili ili ijulikane kwamba hapakuwa na mwizi. Mwenye nyumba alikuwa mwaminifu, mtunza nyumba alikuwa mwaminifu, familia ya ndani ilikuwa na utu, na tovuti ilifanya kile ilichoambiwa. Bado bibi wa miaka 71 alilala kwenye kiti. Mtu wa programu akiona kosa la aina hiyo, ambalo kila sehemu ni nzima na jumla ni mbovu, anajua kwamba shida iko kwenye mpangilio.

Kiti cha mbele cha matatu

Sasa ule mfano. Matatu ina kiti kimoja cha mbele kilichobaki. Makanga mmoja yuko stendi, mwingine amesimama barabarani mita mia mbili mbele. Abiria anamuuliza wa stendi, "Mbele pako?" Anatazama, pako wazi, anapokea pesa. Dakika hiyo hiyo abiria mwingine anampigia yule wa barabarani. Naye anajua pako wazi, maana alipotazama mara ya mwisho palikuwa wazi. Anapokea pesa. Gari likifika, kiti ni kimoja na wenyewe ni wawili, na kila mmoja ana haki.

Kuangalia kama kiti kiko wazi ni kitendo kimoja. Kukiandika kuwa kimechukuliwa ni kitendo cha pili. Katikati ya vitendo hivyo viwili kuna mwanya, na mtu mwingine anaweza kupita hapo. Katika programu tunauziba kwa kufuli: anayetaka kuandika anashika kufuli kwanza, anaangalia, anaandika, kisha anaachilia. Mwingine akija wakati huo anangoja mlangoni. Hifadhidata yoyote inayojiheshimu inafanya hivi, na ndiyo sababu benki haikulipi pesa ile ile mara mbili.

Nenda kwenye ofisi za mabasi ya usiku hapa Kitale uone jinsi walivyotatua jambo hili bila tarakilishi. Kuna karani, kuna kitabu kimoja chenye ramani ya viti, kuna kalamu. Ukija mwenyewe anaandika humo. Ukipiga simu anaandika humo. Makanga akileta mteja anampeleka kwa karani, haandiki kwake. Karani ndiye kufuli.

Mashirika ya ndege yalianza vivyo hivyo. Kabla ya kompyuta, American Airlines ya Marekani ilikuwa na kadi za safari zilizopangwa kwenye meza ya kuzunguka, na makarani wamekaa kuizunguka wakichomoa kadi na kuandika. Meza ikijaa makarani, kazi haiwezi kukua tena. Ndipo wakashirikiana na IBM kutengeneza mfumo wa SABRE, uliokamilika mwaka 1964. Tafadhali liangalie hilo vizuri. Kompyuta haikuja kuleta daftari moja, maana daftari moja lilikuwapo tayari mezani. Kompyuta ililipa kasi tu. Sisi tumenunua kasi kabla ya kuwa na daftari.

Hebu tuhesabu madaftari ya ile nyumba ya Bungoma. La kwanza ni kalenda ya tovuti niliyoiona. La pili ni kalenda ya tovuti nyingine, kwa sababu nyumba ilikuwa imetangazwa kwenye mbili. La tatu ni mazungumzo ya WhatsApp na simu za mwenye nyumba. La nne ni daftari la shule la mtunza nyumba. Manne, kwa nyumba moja.

Mafundi wenzangu watasema, lakini kalenda za tovuti zinaweza kuunganishwa. Ni kweli. Kuna muundo unaoitwa iCalendar, kiwango chake kilitolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2009, na tovuti kubwa za kukodisha nyumba hubadilishana tarehe kwa njia hiyo. Lakini kwa kawaida kubadilishana huko ni kwa kuchota: tovuti moja huenda kuchukua faili la nyingine kila baada ya muda, pengine saa kadhaa. Mwanya umepungua, haujazibika. Na hata kama ungezibika, WhatsApp na daftari la shule havina iCalendar. Huku kwetu, ambako watu wengi hupendelea kumalizana kwa simu, hivyo viwili ndivyo vinavyobeba mzigo.

Sisi nasi tuna madaftari

Ingekuwa rahisi niwalaumu wenye nyumba nimalize. Lakini nilipokaa na kuchunguza upande wetu niliona aibu. Watu wazima 11 walipaswa kutoa Sh2,000 kila mmoja, yaani Sh22,000 za nyumba na mafuta. Sita walinitumia mimi. Watatu walimtumia dada yangu mkubwa kwa sababu namba yangu haikuwa kwenye simu zao. Wawili waliandika "natuma kesho" katika kundi, kisha zikaja picha za harusi ya mtu, video mbili za mahubiri, na mjadala wa mpira, na ile kesho ikafunikwa. Mimi nilikuwa na hesabu yangu kichwani, dada alikuwa na yake kwenye karatasi. Tulipofika Bungoma hakuna aliyejua kwa uhakika tuna pesa ngapi za kutafutia mahali pengine. Madaftari yetu nayo yalikuwa matatu.

Basi nikafanya kile ambacho mtu wa programu hufanya akiona aibu: nikaandika programu. Wikendi tatu. Ilikuwa na ukurasa wa kuingia, orodha ya wanaosafiri, nani amelipa, nani analala na nani. Niliipenda sana. Ilipata watumiaji wawili, mimi na binamu yangu mmoja asiyependa kuniudhi. Wengine walisema wamesahau nywila. Shangazi aliniuliza kwa upole kwa nini nisiandike tu kwenye karatasi nikapiga picha.

Shangazi alikuwa sahihi, na hakujua kwamba alikuwa ananifundisha kazi yangu. Yeye yuko katika chama cha akina mama ambacho kimeendesha pesa zao kwa miaka mingi bila kupotea senti. Wana mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina. Pesa zote huenda kwa mweka hazina. Kila neno huenda kwa mwandishi. Mtu akimpa mwenyekiti pesa, mwenyekiti anamwambia, "Mpelekee mweka hazina." Ni yule karani wa mabasi tena. Tulikuwa na kufuli nyumbani kwetu siku zote, na mimi nilikuwa nalitafuta kwenye intaneti.

Ile elfu mbili ya pembeni

Kuna jambo jingine ninalopaswa kuungama. Ile "pembeni" niliifurahia kwa sababu iliniokolea Sh2,000. Nilikuwa nimenunua nini kwa bei hiyo?

Airbnb ilianza San Francisco mwaka 2008, na wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuonyesha picha za nyumba. Picha mtu yeyote anaweza kuonyesha. Kazi ya thamani ni kukaa katikati na pesa. Mgeni analipa, lakini mwenye nyumba hatumiwi mpaka takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia. Mgeni akikuta mlango umefungwa, pesa bado ziko kwa mtu wa kati na wote wawili wana sababu ya kumsikiliza. Ni ule ujanja wa zamani wa kumwachia mzee wa mtaa fedha za ng'ombe mpaka ng'ombe afike.

Nilipokwenda pembeni nilifanya mambo mawili kwa pamoja. Nilimwondoa mtu wa kati, na niliongeza daftari la tatu ambalo tovuti haikuwa na njia ya kulijua. Yule mama asingeweza kusahau kufunga kalenda kama ningelipa kwenye kalenda hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, tena si ndogo.

Najua watakaoniambia kwamba watu wetu hawana kadi za benki, ndiyo maana wanakwenda pembeni. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani. Tangu Juni 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa isiyoshikika, GlobalPay, ambayo mwenye simu anaweza kulipia tovuti za nje kutoka salio lake. Si suluhisho la kila mtu, gharama za kubadilisha fedha zipo, lakini mweka hazina mmoja akiwa nayo inatosha kwa watu 14.

Desemba ya Kitale

Mwaka 2025 Mama alisema anataka kukaa na wajukuu wake wote mahali pamoja siku nne, bila mtu kukimbilia jikoni. Akasema iwe Kitale, na akasema nitafute nyumba mimi tena. Sikujua kama ananisamehe au ananipima. Safari hii nilikataa kufungua tovuti yoyote kabla ya kumpigia simu Shangazi.

Shangazi akawa mweka hazina. Mimi nikawa mwandishi. Tukawa na jedwali moja la mtandaoni ambalo mimi peke yangu naweza kuandika na wengine wanasoma tu. Hilo la kusoma tu lilileta maneno mwanzoni, lakini ndiyo kufuli yenyewe. Nyumba tuliipata upande wa Milimani, tukalipa kupitia tovuti bila kupunguziwa hata shilingi. Nikampigia mtunza nyumba mwenyewe siku tatu kabla na nikarudia siku moja kabla. Nilimwomba anisomee kilichoandikwa kwenye daftari lake kwa tarehe zile. Akanisomea jina langu, watu 13, siku nne. Nikalala usingizi.

Tulikwenda Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya swala wa kinamasi anayeitwa nzohe. Huko hakuna gari linaloingia. Unatembea kwa miguu juu ya njia za mbao, na Mama alitembea polepole mpaka jukwaa la kwanza, akakaa, akawaona kima wawili wenye ndevu nyeupe, akasema imetosha. Siku nyingine tulikwenda makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko ulioanzishwa na Kanali Stoneham mwaka 1926. Wajukuu walitaka kwenda Mlima Elgon kuona pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kulamba chumvi ya mwamba, lakini tuliacha kwa safari nyingine. Siku nne zikaisha, na hesabu ya Shangazi ilibaki na Sh640, ambazo tulizinunulia mkate na maziwa ya asubuhi ya kuondoka.

Ninachopendekeza

Kwa kundi linalosafiri:

1. Chagueni mweka hazina mmoja na mwandishi mmoja kabla ya kutazama picha za nyumba. Kundi la WhatsApp ni la kuongea, si la kuweka hesabu.

2. Lipieni mahali palipo na kalenda. Ukiambiwa pembeni ni nafuu, jiulize unauza nini. Ukilazimika kulipa pembeni, omba mwenye nyumba afunge tarehe kwenye tovuti ungali kwenye simu, kisha ufungue tovuti uone kama zimefungwa. Ni dakika mbili. Ningezitumia dakika hizo mwaka 2024, nisingekuwa naandika makala hii.

3. Ongea na mtunza nyumba mwenyewe. Yeye ndiye mwenye ufunguo, na daftari lake ndilo litakalotumika usiku wa mvua. Muulize pia kuhusu barabara: mwezi wa Agosti huku ni mvua, na mita mia tano za udongo mwekundu zinaweza kulizuia gari la watu 14.

4. Omba mahali pa nyumba kwa viwanja vya ramani, yaani zile namba mbili, siyo "ukifika kwa posho mill uliza." Na mzihakikishe. Tarakimu ya tatu baada ya nukta ikikosewa kwa moja tu, mmekwenda kando karibu mita 110.

5. Uliza kama nyumba imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Januari 2024, baada ya mauaji ya wanawake katika nyumba za aina hii jijini Nairobi, serikali iliwataka wenye nyumba wote wajisajili. Anayejibu swali hilo bila kukasirika ni dalili njema.

6. Kama mnakwenda hifadhi za KWS, lipieni kwa eCitizen kabla ya kuondoka. Langoni hawapokei pesa taslimu, na mtandao wa langoni hauna huruma.

Kwa wenye nyumba nina moja tu. Chagua daftari moja liwe ndilo la kweli, yote mengine yawe nakala. Hata kama ni kitabu cha karatasi mkononi mwa mtunza nyumba, sawa. Lakini basi usiseme "ndiyo" kwa mtu yeyote, kwa simu wala kwa tovuti, kabla ya kumpigia yeye aandike kwanza. Agosti ya mwaka wa shufwa, na tarehe 20 Desemba hadi Mwaka Mpya, ukiona huwezi kufuata hilo, ondoa tangazo kwenye tovuti zote isipokuwa moja.

Wanaonipinga

Kuna rafiki yangu wa Eldoret, mwandishi wa programu kama mimi, anasema nawapa watu ushauri wa mwaka 1960. Anasema suluhisho ni mfumo mmoja mkubwa utakaounganisha tovuti zote, M-Pesa na WhatsApp, na kila mwenye nyumba atautumia. Nikamuuliza kitu kimoja: siku mfumo huo ukizinduliwa, daftari la yule mzee litakwenda wapi? Halitakwenda popote. Atakuwa na daftari la shule bado, na mfumo wako utakuwa daftari la tano.

Sisemi tusiandike programu. Ndiyo kazi inayonilisha. Nasema kwamba kabla hujaandika mstari mmoja, nenda ukae na anayeshika ufunguo, umwone anavyoandika, umuulize nani humpigia na saa ngapi. Kama hujui daftari la kweli liko kwa nani, hujui unachounda. Hili nililijua kwa kichwa tangu chuoni. Nililijua kwa moyo nilipomwona Mama amenyoosha mguu juu ya begi la tarakilishi yangu.

Dada yangu ana kijana wa pili, na Shangazi ameshafungua ukurasa mpya kwa ajili yake. Nimeambiwa mimi ni mwandishi tena.

Mwenye kisa kama hiki, au mwenye nyumba anayetaka kunijibu, aniandikie. Nitasoma zote, na nitakayoonwa nimekosea nitasema. Tuonane makala ijayo, mvua ikipenda na stima ikibaki.